Luo Union: Klabu Iliyotwaa Kombe Mara Mbili, Kisha Ikatoweka

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands kuhusu historia ya kandanda jijini



Mazungumzo haya yanaanza na swali moja. Ni klabu gani ya Kenya iliyokuwa ya kwanza kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati? Ukimuuliza kijana anayesubiri matatu pale City Stadium, bila shaka atajibu Gor Mahia. Mwenzake atambishia na kusema ni AFC Leopards. Watabishana mpaka gari lijae, na wote wawili watakuwa wamekosea. Jibu ni Luo Union, mwaka 1976. Mwaka uliofuata klabu hiyohiyo ikaenda tena na ikarudi na kombe hilohilo.

Leo Luo Union haimo katika Ligi Kuu, na jina lake halisikiki uwanjani. Watoto wanaocheza gozi katika viwanja vya Eastlands hawajui kwamba klabu hiyo iliwahi kuwapo. Haikufa kwa kukosa wachezaji wala kwa kukosa vikombe. Kilichoiangusha ni jambo ambalo lingali linaziangusha timu za mitaa hadi leo, na ndiyo sababu historia yake inafaa kusimuliwa.

Mtaa, ukumbi na uwanja

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940. Nyumba zake za mawe zenye paa za vigae zilipangwa kuzunguka eneo la wazi, na katikati pakawekwa ukumbi wa jamii. Miaka hiyo Mwafrika aliyekuja Nairobi kutafuta kazi alipangiwa kuishi upande wa mashariki ya mji. Wafanyakazi wa reli walikaa Muthurwa na Makongeni. Wengine walipata vyumba Shauri Moyo, Ziwani, Bahati au Pumwani.

Mgeni mjini hakuwa na shangazi wala mjomba wa kumkimbilia. Kwa hiyo watu waliotoka sehemu moja walianzisha vyama vya kusaidiana. Aliyefiwa alichangiwa asafirishe maiti nyumbani, aliyekosa kazi alitafutiwa mahali pa kulala, na mtoto mwerevu alilipiwa karo. Luo Union kilikuwa kimoja cha vyama hivyo, na kilikuwa na nguvu kubwa. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Ker, yaani kiongozi wake mkuu, kuanzia 1953 hadi 1957. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyekuwa mweka hazina wa chama hicho, aliuawa mwaka 1953 wakati wa hali ya hatari. Jina lake lipo hata sasa midomoni mwa wakazi kila wanapotaja Ofafa Jericho au Ofafa Maringo.

Chama kama hicho kilihitaji mahali pa kukutana, na Ukumbi wa Kaloleni ukawa mahali pa mikutano ya siasa, dansi, matanga na michango. Kilihitaji pia kitu cha kuwakusanya watu siku ya mapumziko, na kitu hicho kilikuwa kandanda. Uwanja ulikuwa karibu, hatua chache tu kutoka soko la Burma, kando ya barabara iliyoitwa Doonholm wakati huo na ambayo leo ni Jogoo. Kabla ya Uwanja wa Nyayo kufunguliwa mwaka 1983, na kabla ya Kasarani mwaka 1987, huo wa City ndio uliokuwa uwanja mkubwa wa jiji. Joe Kadenge, ambaye sifa zake zilienea nchi nzima, aliwachezea mabeki shere hapohapo. Alipofariki mwaka 2019, serikali ya kaunti ilitangaza kwamba uwanja huo utabeba jina lake.

Wachezaji wengi wa zama hizo walikuwa na kazi za mchana, na mazoezi yalisubiri mpaka kazi iishe. Shabiki alitoka nyumbani kwa miguu, akalipa kiingilio na kurudi kwa miguu. Klabu ilikuwa ya watu wanaofahamiana.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, na Nakuru All Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Mwaka 1964 taji likaja Nairobi, mikononi mwa Luo Union.

Muungano wa 1968

Klabu hiyo haikuwa peke yake katika jamii yake. Palikuwa na Luo Sports Club, iliyojulikana pia kama Luo Stars. Mashabiki waligawanyika, wachezaji wakagawanyika, na michango vilevile. Wakati huohuo, timu nyingi za jamii ya Waluhya zilikuwa zimeshaungana mwaka 1964 na kuunda Abaluhya, klabu iliyotwaa ligi mwaka 1966 na 1967. Aliyetaka kushindana na Abaluhya alilazimika kuunganisha nguvu.

Ndipo tarehe 17 Februari 1968 Luo Union na Luo Stars zikaungana na kuzaa klabu mpya. Ilipewa jina la Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, pande za Ndhiwa, ambaye masimulizi yanasema alikuwa na uwezo wa kujigeuza umbo adui asimtambue. Jina hilo lilikuwa na bahati, kwa maana Gor Mahia ilitwaa ligi katika mwaka wake wa kwanza.

Hapo hadithi ingeweza kuishia kwa furaha, lakini jina la Luo Union halikuzikwa. Lilirudi uwanjani kama klabu inayojitegemea, na katika miaka ya 1970 jamii moja ikawa tena na klabu mbili kubwa katika ligi moja na jiji moja. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa muda mfupi fahali hawa walikaa, na wote wawili wakanona.

Miaka mitatu ya utukufu

Mwaka 1975 Luo Union walikuwa mabingwa wa Kenya, na kwa ubingwa huo walipata nafasi ya kushindana na majirani. Kombe la klabu bingwa la Afrika Mashariki na Kati lilikuwa bado changa. Lilianza mwaka 1974, Simba ya Dar es Salaam ikawa bingwa wa kwanza, kisha watani wao wa jadi, Yanga, wakalitwaa mwaka 1975. Ilionekana kana kwamba kombe hilo lina makao ya kudumu Tanzania.

Mwaka 1976 Luo Union ikalileta Kenya kwa mara ya kwanza. Mwaka 1977 ikalitetea, ikawa klabu ya kwanza kabisa kulitwaa miaka miwili mfululizo.

Mafanikio hayo yalifungua mlango. Kampala City Council ya Uganda ilipata kombe mwaka 1978, kisha Abaluhya ikalirudisha Kenya mwaka 1979. Gor Mahia ikashinda mwaka 1980 na 1981, AFC Leopards miaka mitatu mfululizo kuanzia 1982 hadi 1984, na Gor Mahia tena mwaka 1985. Kuanzia 1976 hadi 1985 kombe hilo liligombewa mara 10, na klabu za Kenya zilishinda mara 9. Mkenya anayejivunia zama hizo hana budi kukumbuka ni nani aliyefyeka njia.

Hata hivyo, mwaka uleule wa 1976 palikuwa na jambo lililostahili kuzitia hofu nyoyo za viongozi wa Luo Union. Wakati wao wakiwa mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati, Gor Mahia ilimaliza ligi ya Kenya ikiwa bingwa bila kufungwa mechi hata moja. Shabiki wa jamii ile alikuwa na timu mbili za kumfurahisha, na ilikuwa lazima siku moja aamue ni ipi hasa iliyo yake.

Jina linaondoka

Uamuzi huo uliharakishwa na siasa. Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamua kwamba vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA kilivunjwa, na Luo Union na vyama vingine vya aina hiyo vikaenda njia hiyohiyo. Katika kipindi hicho klabu za kandanda nazo zilitakiwa kuacha majina ya makabila. Sababu iliyotolewa ilikuwa umoja wa taifa, na kwa kweli mechi za miaka hiyo zilikuwa na joto ambalo halikutoka kwenye mpira peke yake.

Klabu tatu zilijibu agizo hilo kwa njia tatu tofauti.

Gor Mahia hawakulazimika kubadilisha chochote. Jina lao lilikuwa la mtu, halikuwa la kabila, hivyo likapita salama.

Abaluhya walitumia akili. Herufi zao za kwanza, AFC, walizihifadhi na kuzipa maana mpya, kisha wakaongeza jina la chui. Ndiyo AFC Leopards ya leo, Ingwe ya mashabiki wake.

Luo Union waliondoa neno la kwanza na kubakiza la pili. Wakajiita Re-Union, jina lenye maana ya kuungana tena. Waliotunga jina hilo walikuwa na matumaini, lakini kuungana kulikotajwa hakukuja. Re-Union iliendelea kucheza kwa miaka kadhaa, ikipanda na kushuka, bila kurudia tena utukufu wa 1976 na 1977. Haikutwaa tena taji la ligi. Mwishowe iliteremka kutoka daraja la juu, na ikatoweka machoni pa wengi.

Kwa nini wengine walipona

Wapo wanaosema klabu iliuawa na kubadilishwa jina. Maelezo hayo ni mepesi, lakini hayatoshi. AFC Leopards pia ilibadilisha jina. Ilitwaa ligi mwaka 1980, 1981 na 1982, na makombe matatu ya kanda yakafuata. Ikiwa jina jipya linaua, mbona halikumuua chui?

Tofauti ilikuwa kwa watu. Mashabiki wa Abaluhya hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Jina lilibadilika Jumamosi, nao Jumapili wakaja uwanjani walewale, wakaimba nyimbo zilezile. Mashabiki wa Luo Union walikuwa na nyumba nyingine iliyokuwa wazi. Gor Mahia ilikuwepo, ilikuwa inashinda, na jina lake halikuguswa. Watu walihamia huko kidogo kidogo, bila mkutano wala tangazo.

Jambo la pili ni mwenye klabu. Luo Union ilibeba jina la chama kikubwa, na ikaegemea ukubwa wa jina hilo. Chama kilipovunjwa, nguzo iliyoegemewa ikaondoka. Haikuwa na uwanja wake, wala haikuwa na chanzo kingine cha mapato ambacho kingeweza kuibeba katika miaka ya njaa. Ilibaki na sifa, na sifa hailipi nauli ya kwenda Mombasa kucheza mechi ya ugenini.

Si klabu za jamii pekee zilizopatwa na mambo haya. Utalii ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1997. Oserian, timu ya kampuni ya maua ya Naivasha, ilitwaa ubingwa mwaka 2001 na 2002. Zote mbili hazimo tena katika Ligi Kuu. Klabu inayotegemea mkono mmoja huishi kadiri mkono huo unavyopenda kutoa.

Mfano wa namna nyingine nao unapatikana hapa Eastlands. Chama cha vijana cha MYSA kilianzishwa Mathare mwaka 1987. Timu zake zilipewa pointi kwa kushinda mechi, na pia kwa kufagia taka na kuzibua mitaro mtaani. Kutokana nacho ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa Kenya. Msingi wake haukuwa kabila wala kampuni. Ulikuwa mtaa, pamoja na maelfu ya watoto walioandikishwa.

Funzo kwa timu za mitaa

Kila mwisho wa mwaka watu hujaa Ziwani kutazama Koth Biro, mashindano yaliyoanza katika miaka ya 1970 na ambayo jina lake kwa Kijaluo lina maana kwamba mvua yaja. Camp Toyoyo kule Jericho haikosi mechi. Eastlands ndiko walikokulia McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama, vijana wa Muthurwa waliofika hadi klabu kubwa za Ulaya. Vipaji havijawahi kuadimika. Kinachoadimika ni timu inayoishi zaidi ya miaka mitano.

Timu nyingi za mitaa zina kocha mmoja mwenye moyo, mfadhili mmoja mwenye pesa, na jezi seti moja. Kocha akihama au mfadhili akipoteza uchaguzi, timu inakwisha. Wakati mwingine wachezaji hugombana, wanagawanyika mara mbili, na kila kundi linajitangaza kuwa ndilo timu halisi. Anayeijua historia ya Luo Union na Gor Mahia atatambua kwamba wimbo huo ni wa zamani.

Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti shughuli na vifaa vya michezo. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 nayo ilianzisha ofisi ya Msajili wa Michezo, ambako klabu husajiliwa. Baadhi ya makocha huona usajili kama karatasi za kupoteza muda. Lakini klabu iliyosajiliwa ina katiba yake, ina viongozi wanaojulikana, na mambo yake yanaweza kuendelea hata kiongozi akiondoka. Ugomvi ukizuka, kuna kitabu cha kufungua ili ijulikane nani ni mwanachama na nani si mwanachama. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Timu ni mali ya mtaa.

Timu ya mtaa inaweza kuanza na mambo manne madogo ambayo hayahitaji mfadhili. La kwanza ni daftari la wanachama, lenye jina la kila mchezaji na kila mzazi anayechangia hata shilingi 20. La pili ni kitabu cha mapato na matumizi, kinachosomwa mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. La tatu ni viongozi watatu au wanne wanaochaguliwa, asiwe mtu mmoja anayeshika filimbi, pesa na funguo za stoo. La nne ni jina lenye nafasi kwa kila anayeishi mtaani. Eastlands ya leo ni ya watu wa kila pembe ya nchi, na mtoto wa Kaloleni ni wa Kaloleni, hata babu yake awe ametoka wapi.

Lipo pia jukumu la wazee. Wapo wakazi waliokuwa vijana mwaka 1976. Baadhi yao walishangilia kombe lile, wengine walikuwa uwanjani, na kabatini mwao huenda kuna picha, tiketi za kiingilio, au jezi iliyofifia rangi. Vitu hivyo vikitupwa wakati wa kuhama nyumba, ushahidi umekwenda. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan, ziko karibu na milango ya wengi wenu. Mjukuu mwenye simu anaweza kumrekodi babu yake kwa nusu saa, aandike majina na miaka, na kuhifadhi nakala. Kazi hiyo haina gharama, lakini haiwezi kungoja. Kila mwaka upitao unapunguza idadi ya wanaokumbuka.

Neno la mwisho

Luo Union ilikuwa bingwa wa Kenya mara mbili, na bingwa wa Afrika Mashariki na Kati mara mbili. Ilizaliwa na watu wa mitaa hii waliokuwa na vyumba vidogo na mishahara midogo, na bado wakapata cha kuchangia. Ilitangulia pale ambapo Gor Mahia na Leopards walifuata baadaye. Haistahili kusahauliwa kwa sababu tu haikubaki na mtu wa kuisimulia.

Siku ya mechi ya mashemeji, mashabiki wa K'Ogalo na Ingwe wanapoteremka Barabara ya Jogoo wakiimba, wapo wachache miongoni mwao wanaojua kwamba hapo zamani palikuwa na jina la tatu. Kijana anayesubiri matatu pale City Stadium sasa ana jibu. Kilichobaki ni timu yake mwenyewe. Miaka 40 ijayo, mtu akiuliza habari zake, daftari lake liwepo, na awepo wa kulifungua.